Vijiko Vinne

Jana jioni binti yangu wa mwisho aliketi mezani na daftari lake la shule, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, babu mdogo aliua wangapi?" Mwalimu wao amewataka waandike habari za shujaa mmoja kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai, naye kwa kuwa ameizoea tangu utotoni ile picha ya ukutani, ya kijana mwenye nyota mbili kila bega, aliona amekwisha kumpata shujaa wake bila kufungua kitabu. Nilimjibu kwamba sijui, na hilo ni kweli. Ninalolijua ni jambo jingine, na nimekaa nalo tangu kiangazi cha mwaka 1980.

Baba Mdogo aliondoka Tabora mwezi Novemba 1978, siku chache baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza redioni kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Alipanda garimoshi la Mwanza. Zilikuja barua mbili, kisha mwezi Machi wakaja wanajeshi wawili. Mimi nilipelekwa kwa jirani kucheza gololi, kwa hiyo msiba ule naukumbuka kwa gololi niliyoipoteza. Alizikwa Kaboya, huko Kagera, mahali ambapo Bibi hakuwahi kufika hadi anakufa.

Ndiyo maana mgeni aliposhuka stesheni mwaka uliofuata na kuulizia nyumba ya kina Luteni, akaelekezwa Isevya, pale nyumbani palikusanyika watu kana kwamba maiti ndiyo kwanza imeletwa. Alikuwa kijana mwembamba, mwanamgambo aliyechukuliwa kijijini kwao na kufunzwa kwa muda mfupi kabla ya kupelekwa vitani. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akampa Bibi nusu kilo ya sukari iliyofungwa kwa gazeti pamoja na kipande cha sabuni ya mche. Waliokuwa watu wazima mwaka ule hawahitaji kuelezwa uzito wa zawadi hiyo. Kwetu sukari ilikaa ndani ya kopo, kopo likakaa chini ya kitanda cha Bibi, na chai ya kawaida tuliinywa kwa kutafuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ili utamu upatikane humo.

Siku ile Bibi alilileta gazeti lenyewe chini ya mwembe, akalifungua mbele yetu sote, akaanza kupika chai huku mgeni akisimulia.

Alisema Brigedi yao ya 201 iliingia Lukaya, mji mdogo wa Uganda, Jumamosi, 10 Machi 1979, ikijiandaa kuvuka barabara inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala. Jioni ilipokaribia, Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin wakaja na vifaru, wakaanza kurusha makombora ya Katyusha. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao na kuangukia mbali nyuma yao, lakini mlio wake, alisema mgeni, ulikuwa kama wa bati linalochanwa mbinguni, na wanamgambo wengi ambao hawakuwahi kusikia kitu cha namna ile wakaacha mahandaki yao, wengine wakikimbilia barabara ya Masaka na wengine wakijitosa kinamasini. Baba Mdogo alisimama katikati ya barabara akiwarudisha mmoja mmoja kwa majina yao. Hapo ndipo aliposikia sauti kutoka kwenye mafunjo.

"Kulikuwa na askari mmoja amezama hadi kifuani," alisema mgeni. Alikuwa ameshika kikombe kitupu na akikitazama. "Afande akashuka. Tulimwambia asishuke, akashuka. Akamtupia mkanda wa bunduki, akamwambia aushike kwa mikono miwili, akamvuta. Tope likamrudisha. Akamvuta tena, akaniambia, 'Usiangalie nyuma, kijana, niangalie mimi.' Akamtoa. Alipokuwa anamsukuma juu ya tuta, risasi za bombomu, ile bunduki ya rashasha, zikampata Afande mgongoni."

Nilikuwa na umri wa miaka tisa na sikujua kiambishi ni nini, lakini nililisikia neno lile likigeuka. Akamvuta, akaniambia, akamtoa. Nilimtazama Bibi. Kijiko chake kilikuwa juu ya gazeti, kimejaa, hakiendi wala hakirudi, na chembe za sukari zilikuwa zikianguka kutoka ukingoni mwake, jambo ambalo mikononi mwa Bibi halikuwahi kutokea.

Baba yangu alikohoa. "Huyo askari yu hai?"

"Yupo."

"Anaishi wapi?" Sauti ya Baba haikuwa ya mtu anayetaka kwenda kusalimia.

"Mwacheni mgeni anywe chai," alisema Bibi, "inapoa." Chai ilikuwa ndiyo kwanza imeepuliwa. Akachukua kikombe kutoka mkononi mwa mgeni, akakijaza, akatia kijiko kile, akatia cha pili, cha tatu, na cha nne, akakoroga mwenyewe na kumrudishia kwa mikono miwili. Kijana yule alikunywa akiwa ameinamisha kichwa. Yaliyobaki aliyasimulia haraka: kwamba kulipokucha Brigedi ya 208 ilitokea ubavuni, wao wakarudi kutoka mbele, na Walibya wapatao mia mbili wakafia pale. Usiku huohuo akapanda garimoshi, na hatukumwona tena.

Mwaka uliofuata niliandika insha shuleni ambamo Baba Mdogo alilipua vifaru viwili, nikapata alama 9 kati ya 10, moja ikikatwa kwa sababu ya mwandiko. Sasa ninafundisha Kiswahili na nimewaeleza wanafunzi wengi kazi ya viambishi vya mtendwa, lakini bado siwezi kuapa. Huenda mgeni alikuwa kando tu na maneno yale yakaelekezwa kwa wote waliokuwapo. Huenda ulimi uliteleza kama ndimi zinavyoteleza. Bibi sikumuuliza. Wakati mwingine nahisi sikumuuliza kwa heshima, na wakati mwingine nahisi niliogopa kwamba, nikilipata jibu, nitamchukia mtu ambaye Baba Mdogo alimwona anastahili kutolewa topeni.

Binti yangu aliandika, "Babu mdogo alimwokoa askari mmoja." Sentensi haikuwa na kosa lolote. Kisha akainua kalamu na kuniuliza huyo askari alikuwa nani.

Nilimwambia afunge daftari, chakula kinapoa, ingawa mama yake alikuwa bado hajaepua sufuria.