Seminari ndogo: kengele, jembe na kitabu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi huona darasa zima la seminari ndogo fulani, yaani sekondari ya Kanisa Katoliki ya kulea mapadre watarajiwa, limepata daraja la kwanza, na kesho yake wanaanza kuulizia fomu. Ni vizuri wajue kwanza shule hizi zimetoka wapi na mtoto atakuwa anaishije humo.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua kituo Bagamoyo mwaka 1868 na kuwafundisha watoto waliokombolewa utumwani. Mapadre Weupe, shirika jingine la wamisionari, wakapita hapo 1878 kuelekea maziwa makuu, na 1888 Wabenediktini wakaanza Pugu. Kufikia miaka ya 1950 sekondari za Kanisa zilikuwa na jina kubwa: St. Mary's ya Tabora, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kwenda Edinburgh; St. Francis ya Pugu, alikojiuzulu ualimu mwaka 1955; na Marian College ya Morogoro kwa wasichana. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka mikononi mwa serikali. St. Mary's leo ni Milambo, Marian ni Kilakala. Seminari hazikuchukuliwa, kwa sababu kazi yake ni kulea mapadre watarajiwa. Ndiyo maana mahali kama seminari ya Rubya, kule Ihangiro mkoani Kagera, alikosoma Kardinali Laurean Rugambwa, malezi yameendelea mfululizo tangu enzi za wamisionari. Desturi inayorithishwa namna hiyo haijengwi kwa miaka mitano.

Anayeongoza seminari huitwa gombera. Chini yake wapo mlezi wa nidhamu, mwalimu wa taaluma na baba wa kiroho, ambaye mwanafunzi humwendea kwa siri zake bila hofu ya adhabu. Ratiba hutofautiana kidogo, lakini mfano wake ni huu: kengele saa kumi na moja alfajiri, sala na Misa, usafi, uji, darasani saa moja na nusu. Mchana ni ugali na maharage, kisha kazi za mikono: shamba, bustani, banda la nguruwe, kuni. Michezo, kuoga, masifu ya jioni, chakula, kujisomea kwa muda wa saa mbili hivi, sala ya usiku. Baada ya hapo ni kimya kikuu mpaka Misa ya asubuhi.

Siri ya matokeo iko hapo kwenye kujisomea. Ukumbi mmoja, kila mtu mezani pake, hakuna kutembea wala kuazima rula. Mwanafunzi anayejua kutumia muda huo huanza na hesabu akili ikiwa bado na nguvu, anakokotoa kwa mkono, halafu ndiyo anageukia masomo ya kusoma. Anayeanza na historia hukuta usingizi umeshaingia anapofika kwenye hesabu. Wengine hudhani watafidia kwa tochi chini ya blanketi. Hawafidii: wanasinzia kwenye Misa, wanasinzia kipindi cha kwanza, na mlezi anajua kabla ya wiki kwisha.

Kinachowaangusha wengi kidato cha kwanza ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia mahali ambapo hata chumvi mezani anaiomba kwa Kiingereza. Seminari nyingi huwa na kozi ya awali ya miezi kadhaa kwa ajili hiyo. Usimpeleke mtoto amechelewa kozi hiyo ukidhani ni mapumziko. Wiki tatu za mwanzo ndizo zinazomfungua mdomo.

Kuhusu kuingia: anzia parokiani, mtoto akiwa darasa la sita. Paroko anaandika barua ya utambulisho, na hawezi kumwandikia kijana asiyemwona kanisani. Huombwa cheti cha ubatizo, mara nyingi na cha ndoa ya wazazi. Hiki cha mwisho ndicho kinachokwamisha familia, kwa sababu ndoa haifungwi kwa wiki moja. Kisha kuna mtihani wa kuingia, hasa hesabu, Kiingereza na dini, na usaili.

Vifaa vinaandikwa kwenye barua ya kujiunga: godoro la futi mbili na nusu, chandarua, ndoo, jembe, fyekeo, shuka mbili. Tranka linastahili uangalifu. Nunua la bati nene lenye komeo mbili, kwa kuwa jembamba hupinda mfuniko mtu akilikalia, na mfuniko uliopinda haufungi. Andika jina kwa rangi ya mafuta, ubavuni na juu. Funguo ziwe mbili: moja kwenye kamba shingoni, nyingine kwa mlezi. Mtoto aliyepoteza ufunguo pekee huvunja kufuli, na tangu siku hiyo sabuni na sukari yake ni mali ya bweni.

Jambo la mwisho ni la kuzungumza na kijana mwenyewe. Seminari inapokea wenye nia ya upadre, na nia hiyo huulizwa kila mwaka. Kuondoka baada ya kidato cha nne ukiwa umegundua wito wako ni mwingine si aibu; wengi huondoka hivyo na walezi huwaaga vizuri. Kumfundisha mtoto wa miaka kumi na mitatu aseme kwenye usaili kwamba anataka upadre, wakati baba anataka daraja la kwanza tu, ni kumpa uongo wa kubeba miaka minne, tena mbele ya altare kila asubuhi.