Mitokondria zilizochoka: usihesabu mrundikano, pima mwendo

Makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu, ikishameza bakteria, humshambulia kwa molekuli kali za oksijeni. Nyingi hutengenezwa kwa ajili hiyo, nyingine huvuja kwenye mitokondria (vinu vya nishati) zake yenyewe, na zikizidi volteji ya utando wa ndani hushuka. Mitokondria nzima huvuta protini ya PINK1 ndani na kuikatakata. Iliyopoteza volteji haiwezi, basi PINK1 hurundikana juu yake na kuita Parkin, inayoibandika alama ya kutupwa. Kifuko cha utando huizingira, huungana na lisosomu, kifuko cha vimeng'enya vya kusaga taka za seli, ikasagwa.

Oksijeni kali ikiwa kidogo, huuchochea usafishaji huu. Ikizidi huukwamisha, maana lisosomu nazo huharibika. DNA ya mitokondria huvuja, NLRP3, protini inayowasha uvimbe, huamka, na uvimbe huendelea hata bakteria akishakufa.

Ndiyo maana LC3-II, protini inayokaa kwenye utando wa vifuko vile, ikionekana nyingi, usiandike haraka kwamba usafishaji umepanda. Huenda umeziba! Gawa seli mafungu mawili, moja litie bafilomaisini A1, dawa inayozuia usagaji ndani ya lisosomu, nanomola 100, kwa saa 2 hadi 4. LC3-II ikipanda zaidi kwenye fungu hilo, mwendo upo. Isipobadilika, njia ilikuwa imeshaziba. Kipimo kisicho na fungu hili mimi sikiamini.

Kwa Pemba, seli za kupima zikitoka kwenye damu ya wagonjwa, tatizo huanza njiani. Damu iliyotolewa Micheweni ije kupimwa Chake Chake iwe kwenye heparini (dawa ya kuzuia isigande), nyuzi 18 hadi 25, si ndani ya deli la barafu wala juu ya dashibodi ya gari, na ishughulikiwe kabla hazijapita saa 8 tangu itolewe. Joto peke yake hutia seli msukosuko, ukaishia kupima safari badala ya mgonjwa. Damu ya mtu mzima wa afya itolewe papo hapo, isafiri pamoja nayo, iwe ya kulinganishia.

Kwenye Fikoli, kimiminika cha kutenganisha seli za damu, zungusha kwa g 400, dakika 30, breki imezimwa. Breki ikiachwa bila kuzimwa, tabaka huvurugika. Nyutrofili, aina ya seli nyeupe, huzama na seli nyekundu, usizitafute kwenye tabaka jeupe.

MitoSOX, rangi inayoonyesha oksijeni kali ndani ya mitokondria, isizidi mikromola 1, ama sivyo huenea hadi kwenye kiini cha seli. Tena huvutwa ndani na volteji ile ile: mitokondria iliyokufa huonekana hafifu, ukadhani imetulia. Pima volteji kwa rangi nyingine, TMRM, lakini katika tyubu nyingine, kwani rangi hizi mbili hung'aa karibu sawa.