Fuko dawa yake ni mtego

Fuko wa Uthiru, huku kwetu Nairobi, hali minyoo. Naanza na hilo kwa sababu kila anayeniuliza niliwatoaje uani kwangu huwa ameshasoma mahali kwamba anyunyizie nyasi dawa ya kuua funza wa ardhini, ili fuko akose chakula na kuhama mwenyewe. Ushauri huo ni wa Ulaya na Marekani. Fuko wa huko ni mnyama mwingine kabisa, anaishi kwa minyoo na wadudu, na huku kwetu hayupo. Wetu, ambaye wanasayansi humwita Tachyoryctes, ni jamaa wa panya. Chakula chake ni mizizi, viazi, vitunguu vya maua na nyasi zenyewe. Ukimwaga ile dawa unaweza kuua nyungunyungu wanaolegeza udongo wako, na fuko ataendelea kula.

Udongo wa upande huu ni ule mwekundu wa Kabete na Kikuyu, laini, usiotuamisha maji. Fuko anaupenda. Dada yangu anakaa Embakasi, kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa mvua, na tangu ahamie huko hajaona kichuguu cha fuko hata kimoja. Mimi mvua za Machi zikianza tu navihesabu kutoka mlangoni.

Mbele ya nyumba nina nyasi za Kikuyu, na chini ya mparachichi nimepanda nyasi ya pemba kwa sababu inavumilia kivuli. Hapo ndipo mama yangu hukaa Jumapili tukitoka kanisani. Anatembea kwa mkongojo. Njia ambazo fuko hupita akitafuta chakula ziko karibu sana na uso wa ardhi, na mvua ikilowesha udongo, dari yake haibebi uzito. Mkongojo wa mama ulizama mpaka nusu, akayumba, nikamdaka mkono. Vichuguu vinaudhi, tena vinaharibu kisu cha mashine ya kukata nyasi, lakini mzazi kuvunjika nyonga uani kwa mwanawe ni jambo jingine. Kuanzia hapo nililishughulikia kwa moyo wote.

Watu hujaribu mengi. Wapo wanaoingiza mpira wa maji shimoni. Nairobi hii ya maji ya mgao, sioni mtu atapata wapi maji ya kujaza njia inayozunguka ua mzima, na fuko akisikia maji huziba njia kwa udongo na kukaa upande mkavu. Wapo wanaochoma kinyesi cha ng'ombe na pilipili kavu ndani ya mkebe, moshi uingie shimoni. Huziba vilevile. Mmea wa utupa nimeupanda kando ya ua, kwa kuwa wakulima wengi wanausifu, na sijaung'oa kwa sababu unarutubisha udongo. Lakini nimekuta kichuguu kibichi hatua chache tu kutoka kwenye shina lake.

Kuhusu sumu sina simile. Jirani mmoja aliuziwa agroveti unga fulani uliofungwa kwenye karatasi isiyo na jina, akaupaka kwenye vipande vya viazi vitamu na kuvifukia njiani mwa fuko. Mbwa wake alivifukua. Watoto waliokuwa wakimlilia mbwa yule ndio hao hao wanaocheza peku kwenye nyasi zile. Wengine hutumia vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo hupenya udongoni na inaweza kuingia chumbani kupitia nyufa za sakafu. Mtu akiivuta hakuna dawa ya kuivunja nguvu. Tafadhali, usiviweke karibu na nyumba ambamo watu wanalala.

Tena kuna shakivale, yule ndege mkubwa wa tumbo jeupe na mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo za stima akitazama chini. Fuko ni chakula chake. Nimemwona akishuka kwenye uwanja ulio nyuma yetu na kupaa na mmoja kuchani. Ukilisha mafuko sumu, unamlisha na yeye.

Kilichonisaidia ni mzee mmoja wa upande wa Kikuyu ambaye kazi yake ni kutegea watu mafuko. Nilimwonyesha vichuguu vilivyokuwa vimetapakaa kutoka getini mpaka kwenye nduma, nikamwambia nadhani ni ukoo mzima. Akazunguka kimya, akainama mahali pawili patatu, kisha akasema, "Hapana, mama. Hii ni kazi ya mmoja. Labda wawili, yule mwingine yuko kule kwa ua."

Na ndivyo ilivyo. Fuko huyu huishi peke yake, kila mmoja na shimo lake, isipokuwa mama mwenye watoto. Watu humchanganya na yule asiye na manyoya wa sehemu kame za kaskazini na mashariki mwa nchi, ambaye huishi kwa makundi makubwa chini ya malkia mmoja. Nilipoelewa hilo nilipumua, maana kumtoa mnyama mmoja ni jambo linalowezekana.

Mzee hakuangalia kichuguu kikubwa. Alitafuta kile chenye udongo mbichi, mweusimweusi kwa unyevu, akachoma kwa panga pembeni mpaka panga likazama bila nguvu. Hapo akafukua taratibu kwa mkono. Njia ilikuwa pana kiasi cha ngumi yangu kuingia, na kuta zake zilikuwa laini kama chungu kilichosuguliwa. Alinieleza kwamba fuko havumilii njia iliyo wazi. Hewa na mwanga vikiingia, lazima aje kuziba. Mtego wote umesimama juu ya tabia hiyo moja.

Alijipaka udongo mikononi kwanza ili kuua harufu yake. Akatega kitanzi cha waya mwembamba kinachoenea mdomo wa njia, akakifunga kwenye ufito mbichi alioukunja kama upinde, ufito ukazuiliwa na uzi uliokatiza njia. Fuko anapokuja akisukuma udongo mbele yake anakuta uzi umemzuia, anaukata kwa meno, ufito unafyatuka.

Kesho yake asubuhi ufito ulikuwa umesimama wima. Fuko aliyenaswa alikuwa na manyoya ya kahawia yanayong'aa, mkia mfupi, macho madogo mno. Meno yake ya mbele ni ya rangi ya chungwa na yako nje ya midomo, na midomo hujifunga nyuma ya meno, ndiyo maana anaweza kuchimba kwa meno bila kumeza udongo. Nilimwonea huruma, sifichi. Nilimlipa mzee shilingi zake 300 na nikamwomba atege na kule kwa ua.

Kazi iliyobaki ni yako, na wengi huiacha. Njia ikibaki tupu, fuko mwingine ataihamia bila kuchimba chochote. Mimi huibomoa yote ninayoweza kuifuata kwa jembe, nikaishindilia na kuijaza udongo uliochanganywa na samadi. Vichuguu navisambaza kwa reki siku hiyo hiyo, maana nyasi za Kikuyu hupenya udongo mwembamba lakini chini ya lundo huoza. Matuta ya mboga nimeyawekea wavu wa kuku chini kabla ya kupanda.

Sasa nyumba kadhaa za mtaa wetu tumekubaliana kumwita mzee kwa pamoja kabla ya mvua za Oktoba, atege pande zote za ua siku moja. Mwenye kiwanja cha chini bado hajaridhia, anasema yeye hana nyasi za kulinda. Vichuguu vipya vyote ninavyoona vinaanzia kwake. Jumamosi nitamtembelea, niende na mama.