Kesi ya Kipigo cha Nyumbani Inavyofia Kwenye Karatasi ya Daktari

"Ana majeraha kadhaa, ametibiwa, ameruhusiwa." Maneno matano ya namna hii kwenye jalada la hospitali yanatosha kuizika kesi kabla haijasikilizwa. Kipigo cha ndani ya nyumba mara nyingi hakina shahidi, au mashahidi ni watoto. Mivilio ya damu hufifia ndani ya wiki mbili hivi, na kesi huitwa baada ya miezi mingi. Siku hiyo hakimu hana mwili wa kuutazama. Alichonacho ni kile daktari alichoandika na kupiga picha.

Matibabu hutangulia, hilo halina mjadala: pumzi, damu inayotoka, kichwa, mimba kama ipo. Baada ya hapo mgonjwa abaki peke yake na mchunguzi. Aliyemsindikiza huenda ndiye aliyempiga, kwa hiyo atolewe kwa sababu ya kawaida, kwa mfano mgonjwa anakwenda kutoa mkojo au kupimwa uzito. Ikihitajika tafsiri, asitumike mtoto wala ndugu wa upande wowote. Ridhaa iombwe kwa kila hatua: mtu anaweza kukubali picha za mikono na kukataa uchunguzi wa sehemu za siri, na kukataa huko hakumfanyi mwongo wala hakumnyimi tiba.

Maelezo yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu. "Alinishika koo kwa mkono mmoja, nikaona giza" ni ushahidi mzito kuliko "mgonjwa alinyongwa". Na iandikwe "anasema", kamwe si "anadai". Neno hilo la pili limekwisha kumtilia shaka mgonjwa, na wakili wa utetezi atalisoma kwa sauti mahakamani.

Kila jeraha lipewe mistari yake: aina, mahali, ukubwa kwa milimita, umbo, rangi, kingo, kama limevimba na kama linauma likiguswa. Mahali papimwe kutoka sehemu ya mwili isiyohama. Mfano: "Mvilio wa damu wa mviringo, milimita 15 kwa 12, upande wa ndani wa mkono wa juu wa kushoto, sentimita 9 juu ya kiwiko." Mivilio mitatu au minne ya aina hiyo ikikaa pamoja, na mmoja upande wa pili, ni picha inayofahamika ya vidole vilivyobana mkono. Mistari miwili sambamba yenye weupe katikati hutokana na kitu kirefu kama fimbo au bomba, kwa sababu pigo husukuma damu pembeni na mishipa midogo huchanika kwenye kingo. Majeraha ya kigasha upande wa kidole kidogo, pamoja na ya mgongo wa kiganja, ni ya mtu aliyeinua mikono kujikinga.

Kosa linalojirudia sana ni kuita kila jeraha lililo wazi "la kukatwa". Kisu au wembe huacha kingo laini. Ngozi iliyopasuka kwa ngumi, rungu au kona ya meza huwa na kingo zilizochubuka, na ukitazama ndani utaona nyuzi za nyama zimebaki zikiunganisha pande mbili. Daktari akiandika "kukatwa" na mgonjwa akasema alipigwa kwa rungu, mahakama itaona wawili wanaopingana, kumbe aliyekosea ni mmoja tu.

Kuhusu umri wa mivilio, nashauri unyenyekevu. Jedwali la kizamani la kusoma siku kwa rangi halitegemeki. Linaloweza kusemwa kwa uhakika kiasi ni kwamba rangi ya manjano kwa kawaida haionekani kabla ya saa 18 hivi. Kwenye ngozi nyeusi rangi zinaweza zisionekane kabisa, na hapo vidole hufanya kazi kuliko macho: papasa uvimbe, ugumu, joto na maumivu, kisha uandike ulichokihisi. Damu iliyovilia ndani huchukua muda kufika juu na hushuka kwa uzito wake. Jicho jeusi laweza kutokana na pigo la paji la uso. Ndiyo maana mgonjwa aonwe tena baada ya siku moja au mbili, hata kama mara ya kwanza alionekana mzima.

Kuna sehemu zinazosahaulika: ngozi ya kichwa chini ya nywele, nyuma ya masikio, ngoma ya sikio (kofi huitoboa), sehemu ya ndani ya midomo, chini ya matiti, matako na nyayo.

Lakini panapopotea ushahidi mwingi zaidi, na maisha, ni shingoni. Mishipa ya shingo ikibanwa mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi, na ngozi ikabaki bila alama. Katika kesi 300 za kukabwa zilizopitiwa mjini San Diego na matokeo kuchapishwa 2001, nusu hazikuwa na jeraha la kuonekana. Kwa hiyo "shingo haina alama" haiwezi kuwa mwisho wa uchunguzi. Uliza moja kwa moja: sauti imebadilika? Kumeza kunauma? Ulipoteza fahamu? Ulijikojolea? Tafuta vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano ndani ya kope, kwenye weupe wa jicho, nyuma ya masikio na kwenye kaakaa. Kuta za mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo zinaweza kuchanika na kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye, hivyo aliyezimia au mwenye dalili hizi anastahili picha ya mishipa ya shingo kwa mashine ya CT. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake alikuwa katika hatari ya kuuawa naye takriban mara 7 zaidi.

Mikwaruzo ya kucha kwenye shingo mara nyingi ni ya mwathirika mwenyewe alipokuwa akibandua mikono iliyomkaba. Vilevile, mtuhumiwa anaweza kufika na alama ya meno kwenye kigasha na kuonekana ndiye aliyeshambuliwa, ilhali aliumwa wakati akimkaba mtu kutoka nyuma. Wote wawili wachunguzwe, na wachunguzi wasiwe mmoja.

Picha zipigwe kwa hatua: mwili kwa mbali, sehemu husika, kisha jeraha kwa karibu, mara moja bila rula na mara moja na rula, kamera ikiwa wima mbele ya ngozi. Rula ikiinama, vipimo vyote vinapotoka. Faili halisi zisihaririwe.

Sampuli zichukuliwe kabla ya kusafisha. Palipoumwa kwa meno au kushikwa, pangusa kwa kijiti cha pamba chenye maji safi ya maabara, halafu kwa kikavu, na vyote viwili vihifadhiwe. Vikauke kwa hewa na viwekwe kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki, kwa kuwa unyevu huotesha ukungu unaoharibu vinasaba. Kila anayekabidhi na kupokea asaini na kuandika saa. Palipo na kubakwa, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na dawa za dharura za kuzuia mimba hazina maana baada ya saa 120.

Mwishoni daktari hutoa maoni: majeraha yanaendana na maelezo, hayaendani, au yanaendana kwa kiwango kikubwa. Asiandike "amepigwa na mumewe", kwa maana hakuwepo. Pasipo jeraha aandike "hakuna jeraha lililoonekana leo, na hilo halipingi maelezo yake."

Kabla hajaondoka, muulize ni namba gani ya simu iliyo salama kumpigia. Nakala ya ripoti isiwekwe kwenye mkoba wake kama anarudi nyumba ileile.