Kipilefti: shika kushoto, mpishe wa kulia

Jina kipilefti, yaani mzunguko wa magari kwenye makutano ya barabara, limetokana na kibao cha Kiingereza, "keep left", kinachomwagiza dereva ashike kushoto. Wengi wamebaki na jina hilo na kuisahau nusu ya pili ya kanuni: unazunguka kwa kushika kushoto, lakini anayetoka kulia kwako, ambaye tayari yumo ndani, ndiye unayempisha. Haijalishi barabara yako ni pana kuliko yake. Haijalishi umepiga honi. Iwe Sanamu ya Askari Dar es Salaam au Mnara wa Saa Arusha, kanuni ni ile ile, labda awepo trafiki katikati. Hapo fuata mkono wake.

Leni ichague kabla hujafika, maana ndani hakuna muda. Tuchukue kipilefti cha barabara nne chenye leni mbili, kisicho na mishale chini. Unakunja kushoto: leni ya kushoto, indiketa ya kushoto tangu mwanzo. Unanyoosha: leni ya kushoto, bila indiketa, ukishaipita njia ya kwanza, washa ya kushoto. Unakunja kulia: leni ya kulia, indiketa ya kulia, zunguka karibu na bustani ya katikati. Ukiipita tu njia iliyo kabla ya yako, geuza indiketa iwe ya kushoto, tazama kioo cha kushoto, ndipo utoke. Kioo kwanza, usukani baadaye. Kwenye hatua hii ndipo bodaboda wanapobanwa, na inauma kwa sababu kutazama kioo ni kazi ya sekunde moja.

Kuna hatari nyingine iliyo ndani ya gari lenyewe. Nguzo ya kulia ya kioo cha mbele iko karibu sana na uso wa dereva, na ndiyo inayoziba upande ule ule magari yanakotokea. Pikipiki nzima inajificha nyuma yake, na mkienda kwa mwendo unaolingana, inaendelea kujificha mpaka mnakutana. Ukifika kwenye mstari wa kuingilia kipilefti, sogeza kichwa mbele, kisha nyuma, uione sehemu iliyozibwa. Kugeuza macho peke yake hakutoshi.

Semi-tela usiende nayo sambamba. Tela haipiti palipopita kichwa. Hukata kona kwa ndani, kwa hiyo dereva wake hulazimika kuchukua leni zote mbili. Mwache atangulie.

Njia unayoiendea ikiwa imejaa foleni, baki kwenye mstari hata kama mbele yako ni peupe. Gari moja likikwama ndani linawazuia walio nyuma yake, nao wanaziba njia ambazo zingepunguza foleni hiyo hiyo.

Ukipitiliza njia yako, usifunge breki wala kurudi rivasi. Zunguka tena.