Utenzi wangu wa mwani, na ushauri nilioukataa

Utenzi wangu wa mwani umekamilika, na kina mama wa Jambiani, kijijini kwetu Unguja, wameusikiliza mwanzo hadi mwisho. Nasema kwa fahari, maana kwa muda mrefu niliambiwa kuwa mabadiliko ya tabianchi yana njia moja tu ya kuandikwa: taja gesi joto, taja hatari, kisha maliza kwa kuwahimiza watu wapande miti.

Ushauri huo nilipewa kwenye warsha moja ya uandishi mjini. Mkufunzi alitaka kila mmoja wetu aondoke na kazi yenye ujumbe. Nikaandika beti nyingi za namna hii:

Gesi joto zimezidi,
tufanye sote juhudi,
miti tupande zaidi,
kwa vizazi vya usoni.

Hesabu mwenyewe: mizani nane kila mstari, vina vimetimia. Mkufunzi akanipigia makofi. Nikaupeleka nyumbani kwa mama na mama mkubwa, ambao ni wakulima wa mwani tangu kilimo hicho kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Niliwasomea uani wakifunga mbegu, yaani vipande vya mwani, kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vya kufungia. Mikono yao haikusita hata mara moja: mbegu, taitai, kamba, mbegu, taitai, kamba. Nilipomaliza mama mkubwa akaniuliza, "Mwanangu, huyo mtu wako wa kwenye utenzi mbona hajalowa?" Mama akasema hayo ni maneno ya redioni, ameshayasikia. Kisha akataka kujua ni mti gani utakaotia kivuli shamba lake la mwani kule baharini. Hakuna aliyenijibia swali hilo kwenye warsha.

Swali la kulowa ndilo lililonipa utenzi. Nilizichana kurasa zote nikaingia majini pamoja na mama na mama mkubwa. Kama unataka kuandika juu ya bahari yetu, nenda wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, usiende maji mafu, yanapopwa kidogo tu, ukakuta watu wamekaa majumbani. Pwani yetu bamvua hupwa kama saa nne asubuhi, na hapo shamba zima la mwani hubaki kwenye maji ya magotini huku jua likipanda. Msimu wa kaskazi upepo ukilala, maji hayo huwa ya moto kweli, unayasikia miguuni. Kotonii, mwani wenye bei nzuri zaidi, haustahimili joto hilo. Hupauka, hulainika, hukatika kwenye kamba na kuchukuliwa na maji. Spinosumu, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, ila bei yake ni duni, kiasi cha nusu. Kwa hiyo bahari inapopata joto, mwanamke wa Jambiani hulisikia kwanza kwenye mizani ya mnunuzi. Hiyo ndiyo tabianchi niliyotaka kuiandika, na ubeti wa kwanza ulinijia nikiwa bado na chumvi miguuni:

Bamvua limeingia,
kamba nimezishikia,
mbegu zinaniishia,
zimepauka majini.

Sasa niwaambie mbinu yangu, maana naipenda kuliko utenzi wenyewe. Sikumuuliza mtu kama beti ni nzuri. Kina mama wa kwetu wana adabu, watakusifu tu. Niliwasomea wakiwa kazini, nikaitazama mikono yao. Mikono ikiendelea kufunga, ubeti nauweka alama ya kufutwa. Ikisimama, unabaki. Beti nilizozionea fahari zikaanguka nyingi, pamoja na fungu zima juu ya matumbawe yaliyopauka mwaka 1998, ambalo lilikuwa la kweli lakini nililitunga kwa kusoma tu. Halafu nikafika hapa:

Kotonii haikui,
chumvi, jua, sitambui,
bahari hainijui,
nami nimekua pwani.

Mama akaiweka taitai mapajani. Hakusema kitu. Mama mkubwa akasema, "Rudia."

Sehemu iliyonisumbua ni ile ya maji ya kina kirefu. Kotonii inaweza kuishi huko kwenye ubaridi kidogo, na wataalamu wamelieleza hilo vizuri. Lakini kwenda huko kunataka chombo na kunataka kuogelea, na wanawake wengi wa umri wa mama hawakufundishwa kuogelea. Niliandika mwanamke anasogea ndani na maji "yamefika kifuani". Mama akanikatiza: "Ya kifuani si kitu, tumezoea. Andika shingoni." Kifuani ina silabi nne, shingoni tatu, basi jioni nzima nikaupindua mstari mpaka ukakaa: "maji yafika shingoni". Neno hilo moja limebeba hofu ambayo beti zangu zote za warsha hazikuigusa.

Na gesi joto? Zimo, ila zimeingia kwa mlango wao. Nimeufuata mwani wenyewe: unaanikwa, unatiwa magunia, unapanda meli kwenda Ulaya na Marekani, viwanda vinautoa ute unaoipa uzito aiskrimu na dawa ya meno. Nchi hizo ndizo zilizochoma makaa na mafuta kwa zaidi ya karne. Kwenye utenzi mwani unaona moshi wa viwanda huko ulikofika, na joto linarudi Jambiani kabla ya malipo. Sikuhitaji kumhubiria mtu.

Gharama si kubwa: nauli za gari za abiria za kwenda kijijini, daftari, na maandazi na chai vya wasikilizaji, elfu chache kila safari. Mikeka ya kukalia walikuwa nayo.

Mhariri mmoja niliyempelekea alitaka niongeze beti za matumaini mwishoni. Nimekataa kuandika matumaini ya jumla. Nimeweka beti za wanawake wanaosaga mwani na kutengeneza sabuni, pamoja na bei wanayouza na ugomvi wao juu ya manukato, kwa sababu hayo nimeyaona. Kama hayamtoshi, utenzi utasomwa uani.

Nimeshaanza kutunga wa Pemba, ambako sasa ndiko sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inakovunwa. Huko sina mama wala mama mkubwa, kwa hiyo natafuta wakulima watakaokubali nikae nao bamvua zima na daftari langu, wakiwa wanafunga mbegu.