Majani ya kunde: yakaushe kivulini, si juani

Mvua ikikolea, kunde hutoa majani mengi kuliko sufuria inavyoweza kumaliza. Chuma yale machanga, toa vikonyo vigumu, osha mara tatu. Mchanga ukibaki, hautatoka tena.

Chemsha lita 3 za maji na kijiko cha chai cha chumvi. Tumbukiza majani nusu kilo kwa mkupuo, dakika 2 hadi 3 tu, opoa, tia kwenye maji baridi, chuja. Wengi huruka hatua hii, ndiyo maana mboga yao hufifia rangi na kupoteza ladha ikikaa.

Tandaza safu moja kwenye wavu juu ya kichanja, chini ya paa penye upepo, ufunike kwa chandarua. Jua kali hukausha upesi, kweli, lakini huharibu vitamini A. Geuza asubuhi na jioni.

Finya kikonyo: kikivunjika kwa mlio, tayari. Kikipinda, bado; ukifungia hivyo, ukungu utaanzia hapohapo. Hifadhi kwenye kopo kavu linalobana, gizani. Siku ya kupika, loweka nusu saa, kisha unga kwa karanga.